Narjili ya Mama

Mimi ni mtu wa ndani. Nilipokuwa Unguja hata Pemba sikupata kufika, nikiona ni mbali, tena mkondo ule unachafua tumbo. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyejikuta Mutrah, bandari ya Maskati, katikati ya miaka ya sitini, yeye na mama yake, ndani ya nyumba ya shangazi yake, mawe mbele, mawe nyuma, na joto ambalo ukitaka kushika kitasa cha mlango lazima kwanza ukizungushie ncha ya kanzu.

Shangazi, dada wa marehemu baba, alizaliwa Unguja akaja kuolewa Maskati bado msichana. Kiswahili chake nacho kilibaki cha msichana, isipokuwa pale anapotoa amri. Siku tuliyofika mama alimwambia, "Wifi, mie nimekuja na mbuzi yangu." Shangazi akaagiza kamba na majani. Majirani wakaja kumtazama mnyama wa Unguja. Walichokiona ni kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma, wakaondoka wakitusikitikia.

Mbuzi ya kukunia ipo, basi, cha kukuna hakuna. Sijui mama alidhani minazi itatupokea bandarini. Mwanzo alikula kidogo, halafu akawa anakula kwa macho tu, halafu hata macho hayageuzi. Shangazi akileta wali na papa mkavu, mama anasema, "Nimeshiba, wifi." Akileta mikate ile myembamba kama karatasi, "Nimeshiba, wifi." Ameshiba nini, hajui mtu. Nami siku za kwanza nilifanya mzaha, nikimwambia labda anakula kwa siri na paka. Kisha nikaziona bangili zake, zilizokuwa zikimbana pale kifundoni, zinapanda zenyewe hadi kiwikoni akiinua mkono kujifunika. Sikufanya mzaha tena. Baba nilikwisha kumzika. Mama sikutaka kumzika katika milima ile.

"Mamako ananitia aibu," shangazi akaniambia jikoni. "Watu watasema nnamnyima."

"Hana hamu, shangazi."

"Hamu! Na wewe mwari, kazi yako kukaa ndani kumtazama. Toka ukatafute dawa!"

Mwari ndilo jina alilonipa mimi mwanamume, kwa sababu nilikuwa sitoki. Jina lenyewe nililistahili, lakini yeye alilisema mbele ya wageni.

Asubuhi moja mama akasema, bila kuulizwa, anautazama ukuta: "Ningepata tui. Hata kijiko."

Nikavaa viatu. Kutoka kwangu kuliwashangaza hata mbuzi wa jirani, hao wenye miguu minne.

Njiani nikajitayarisha. Nazi kwa Kiarabu ni narjil, hilo nililijua tangu chuo cha Kurani. Nikajua pia kwamba wenyeji wa pale ile herufi ya jim huitamka kama g, na mimi, niliyemaliza sekondari, sikutaka kuonekana mgeni. Nikaigeuza. Nisichokijua ni ule ugonjwa wetu sisi Waswahili: hatuwezi kuliacha neno la Kiarabu likaishia hewani, lazima tulikalishe juu ya irabu. Samak tumeifanya samaki, kitab tumeifanya kitabu. Basi nikaingia dukani nikasema kwa sauti ya mwenyeji:

"Nataka nargili."

Mwenye duka, mzee Mbaluchi mwenye ndevu za hina, akachungulia nje kulia na kushoto. "Shusha sauti, ndugu yangu. Ya nani?"

"Ya mama."

"Mama yako mzazi?"

"Ndiyo. Ni mgonjwa. Hali kitu mpaka aipate."

"La ilaha illa Llah. Ameanza lini?"

"Tangu utotoni. Kwetu kila nyumba inayo. Mtoto akishaota meno, tunampa."

"Mtoto!"

"Kidogo kidogo, pamoja na wali."

Mzee akazishika ndevu zake. "Na wewe?"

"Mimi nimekulia humo. Naipata mchana, naipata usiku. Na Ramadhani ndiyo usiseme."

"Ramadhani?"

"Ramadhani tunazidisha."

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa, akaingia chumba cha nyuma. Akarudi na furushi la gunia, akalisukuma kwangu chini ya kitambaa. Nikalipapasa: la mviringo, gumu. Nikamwombea dua yeye na wazazi wake. Nikafungua.

Nazi ilikuwamo, siwezi kumsingizia. Lakini ilikuwa imetobolewa, imesuguliwa ikang'aa, imevishwa shingo ya shaba, na ubavuni imechomekwa mwanzi wa kuvutia tumbaku: kiko, ndicho wakiitacho nargili.

Miaka ile kuvuta hadharani kulikuwa marufuku mjini, na kwa shangazi yangu hata faraghani, hata ndotoni. Nikalirudisha furushi kama lililoning'ata, nikatoka bila kuaga. Ningekimbia moja kwa moja hadi nyumbani, pengine ningeiwahi habari. Lakini miguu ya mtu wa ndani ni miguu ya mapambo. Nikakaa kivulini kupumua, na habari ikanipita.

Nilipofika, shangazi amesimama mlangoni pa chumba cha mama, mikono kiunoni.

"Sasa nnajua! Ndiyo maana huli! Unataka moshi! Mwanao keshakutangaza soko zima, na Ramadhani mnazidisha!"

Mama, ambaye tangu juzi alikuwa hajainuka ila kusali, akakaa kitako. "Moshi? Mie?"

"Njoo hapa, mwari, nikunuse mdomo!"

Akaninusa. Mbele ya jirani aliyeleta habari, mimi mtu mzima na cheti changu cha shule, ninanuswa kama samaki wa jana.

"Nilitaka nazi, shangazi. Nilikosea neno."

"Nazi, wifi!" Mama sasa amesimama, kashika nguzo ya kitanda. "Nazi ya kula! Mie na tumbaku wapi na wapi? Umemwona nani kwetu anavuta?"

Shangazi akamtoa jirani kwa jicho moja, kisha akaketi juu ya kasha letu. "Nazi. Na hukusema?"

"Ningesema vipi? Nimekaa nyumba ya watu, nnakula chakula cha watu, nianze kuagiza?"

"Nyumba ya watu? Si umerudi kwenu!"

Neno hilo tulikuwa tumeambiwa na kila aliyetupa mkono: alhamdulillahi, mmerudi. Mimi nilikuwa nikilipokea kwa adabu na kulimeza. Mama siku hiyo alilitema.

"Sikurudi, wifi. Mtu hurudi alikotoka. Mie nimekuja. Na wewe ulipoletwa hapa kuolewa, ulirudi?"

Nikaanza kuwaza tutalala wapi.

Shangazi akavuta ncha ya mtandio akajifuta uso. Labda jasho. "Mwaka mzima nililia," akasema. "Nikililia mvua. Mama mkwe akawaambia watu, huyu mtoto kaharibika, analilia maji na kisima kipo uani."

Mama akacheka. Cheko lilimtoka vibaya, kama kikohozi, akalazimika kukaa tena kitandani. Shangazi naye akacheka, kwa hasira kwanza, kisha bila hasira. Mimi niliyeyaleta hayo yote kutoka sokoni, hakuna aliyenikaribisha kwenye cheko.

Adhuhuri sinia likaletwa humo humo chumbani, wali na papa yule yule. Tukakaa watatu.

"Shokishoki bado zipo?" shangazi akauliza.

"Tele," mama akasema. "Za msimu uliopita zilikuwa tamu hasa." Na mkono wake, huku anaeleza utamu, ukamega tonge, ukalitia mdomoni.

Nikaacha kutafuna. Shangazi pia aliona, maana aliharakisha.

"Na mikate ya mofa? Wanapika mofa?"

"Wanapika." Tonge.

"Na mvua ya vuli, inaanza na upepo au haina upepo?"

"Ina upepo, wifi, mpaka milango inajipiga." Tonge, na kipande cha papa.

Shangazi akawa anauliza mfululizo, hana pa kupumua, na maswali yakaanza kumwishia. Nikamwona anahangaika, macho juu ya dari.

"Na bungo," akasema mwisho, "bungo bado lina kokwa?"

Sekondari yangu ikanisukuma nifungue mdomo. Shangazi akanifinya paja chini ya sinia, mfinyo wa kweli, macho hayatoki kwa mama.

"Wifi nawe!" mama akasema, anachota wali. "Kokwa zake litazipeleka wapi? Ngoja nikueleze."