Waya Chini ya Kiti

Muuzaji wa mitambo aliponiambia, "Dada, hako kawaya ni ka kurahisisha kazi tu," nilivua helmeti nikaibamiza chini mbele ya wateja wake wote. Sikuwa nimepanga. Asubuhi nzima nilikuwa nimemvumilia. Ameniuliza mume wangu yuko wapi. Bei anamtajia fundi niliyekuja naye, wakati mnunuzi ni mimi. Hayo nimeyazoea. Waya ndio ulionishinda.

Nilikuwa natafuta kijiko kidogo, mtambo wa kuchota na kubeba kifusi, wenye baketi mbele. Kazi yangu iko Kariakoo, kwenye vichochoro wanakovunja nyumba za zamani wapandishe maghorofa. Lori haliingii huko. Miaka mitatu nimeendesha mtambo wa kukodi, peke yangu: nachota kifusi uani, nakitoa hadi barabarani, nashuka kuondoa nondo iliyojikunja, napanda tena. Sasa nilitaka wangu.

Mwanzoni moyo ulikuwa kwenye ule unaotembea kwa mikanda ya mpira badala ya matairi, kwa sababu haukwami kwenye tope, na masika ya Msimbazi nayajua. Fundi wangu wa Buguruni, mzee ambaye sijawahi kumpa shikamoo asiniulize mtoto amekula nini, akaniuliza swali moja.

"Mkanda ukichomoka kichochoroni, nani atakushikia mtaimbo upande wa pili?"

Sikuwa na mtu.

"Basi chukua matairi. Tairi utalifungua mwenyewe."

Akanifundisha na jambo jingine. Mtambo wa mtu wa peke yake unajaribiwa kwa kuinuka: chini ya kiti kuna swichi inayofunga baketi ukiinuka. Injini ikiwa inanguruma, inua makalio kitini, halafu sukuma kijiti cha baketi. Baketi ikitembea, zima, shuka, usirudi. Mlango wa mitambo hii uko mbele, chini ya baketi. Ukitoka goti likagusa kijiti, baketi inakushukia. Aliwahi kusaidia kumtoa mwenzake chini ya baketi.

Basi pale kwenye yadi ya yule muuzaji nikapanda mtambo wa matairi, nikawasha, nikainuka. Muuzaji akacheka. "Dada, umekalia mwiba?"

Nikasukuma kijiti. Baketi ikashuka kama vile nimekaa. Nikazima, nikafunua kiti: swichi imefungwa waya, ili mtambo udhani kuna mtu muda wote. Nilipoupiga picha kwa simu ndipo aliposema ni ka kurahisisha kazi.

"Nina mtoto wa miaka miwili, kaka," nilimwambia, helmeti ikiwa bado inabingirika. "Nikibanwa peke yangu kule uani, atajua nani?"

"Kila mtu anafanya hivyo. Sasa na wewe mwanamke na mitambo..."

"Malizia, mwanangu," mzee akasema taratibu. "Tunakusikia."



Niliokota helmeti nikatoka na hasira, na bado namshukuru Mungu. Namshukuru mzee aliyefunga gereji yake siku nzima kwa ajili yangu, akakataa hata soda. Namshukuru jirani yangu, mpangaji wa chumba cha pili, anayekaa na mwanangu bila kununa. Wiki ileile tulipata mwingine wa matairi kwenye yadi nyingine. Nilipoinuka kitini uliganda palepale. Nilicheka peke yangu mpaka mzee akauliza kama niko sawa. Ndio ninaoutumia kazini hadi leo.

Lakini ule wa waya nilipopita niliuona bado uko getini kwa yule muuzaji, umepigwa rangi mpya, unamsubiri mtu asiye na fundi kama wangu. Raha ikaniisha. Nikaenda ofisi ya serikali inayoshughulikia usalama kazini.

"Umeumia wapi?" karani akauliza.

"Sijaumia."

"Sasa unalalamikia nini?"

"Nimekuja kabla hajaumia mtu."

Akaniangalia, akanisogezea karatasi na kiti. Naye namshukuru.

Niliandika: "Nalalamika rasmi kwamba yadi hii inauza mtambo ambao swichi yake ya kiti imefungwa waya, na muuzaji anajua. Anayefanya kazi peke yake utamuua. Naomba usiuzwe mpaka swichi irudishwe na mkaguzi aijaribu kwa kuinuka kitini. Sidai fidia. Shahidi ni fundi wangu, na picha nimeambatanisha." Nikasaini, nikakaa pale mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri.