Mafuta ya Cherehani Kwenye Rimu za Mama Kengele

Mama Kengele hakuwa na mchezo na rimu za baiskeli yake. Mengine yote aliyasamehe: kiti kilichochanika, kengele iliyopata kutu, kapu la mbele lililopinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Lakini rimu, ule mduara wa chuma ambao tairi hukalia na mipira ya breki huubana, thubutu! Kila Jumamosi alasiri, akishamaliza kusambaza mikate, aliigeuza baiskeli miguu juu pale uani, akavuta kigoda, akaanza. Kwanza maji ya sabuni. Kisha mswaki mkuukuu, akizunguka kila spoki pale inapoingia kwenye chuma. Mwisho kitambaa kikavu, huku analisukuma gurudumu polepole kwa kidole, mpaka kitambaa kitoke safi kama kilivyoingia. Ule weusi unaoachwa na mipira ya breki aliuchukia kuliko alivyowachukia wambea, na wambea hakuwapenda hata kidogo.

Mumewe, fundi cherehani, alimtazama kupitia dirisha la chumba chake cha kushonea.

"Bibie, hiyo baiskeli inaoga kuliko mimi!"

"Wewe hunibebi mteremkoni," mkewe alimjibu bila kugeuka.

Naye fundi alikuwa na lake, msimwone hivyo. Alikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia nguo, uliotundikwa kwenye msumari wake peke yake. Walipokuwa wameoana karibuni, mkewe aliuchukua akakatia boksi la karatasi ngumu, maskini, hajui kwamba karatasi huua makali. Loo! Fundi alipiga kelele hadi majirani wakaja wakidhani kuna mwizi. Tangu siku hiyo Mama Kengele hakuugusa tena mkasi ule. Hata akifuta vumbi ukutani, aliuzunguka kwa mbali. Fundi aliona hiyo ni adabu, akaridhika.

Sasa huo mteremko. Kiwanda cha mikate kilikuwa juu, hospitali ilikuwa chini kabisa, na barabara ya kati iliporomoka moja kwa moja hadi njia panda ya malori. Mama Kengele aliushuka kila siku alfajiri na kreti mbili za mikate nyuma yake. Wanaume wenye vifua waliwahi kuijaribu kazi ile wakaiacha. Yeye aliishika, na wagonjwa hawakuwahi kunywa chai kavu kwa sababu yake. Ila alikuwa na mazoea yaliyowachekesha watu: akifika juu ya mteremko, lazima ashuke, aisukume baiskeli hatua chache, abane breki na ainamishe sikio. Mipira ikilia juu ya chuma kikavu, kwii, anapanda na kwenda zake. "Mama Kengele anausalimia mteremko," watu walisema. Aliyecheka zaidi ni mumewe.

Basi Jumamosi moja mama alirudi na mafua makali, macho mekundu, viungo vyote vinamuuma. Aliegemeza baiskeli ukutani, akanywa chai ya moto na kujitupa kitandani. Rimu hakuzigusa. Fundi alitoka uani, akaitazama baiskeli imechafuka vile, na moyo ukamwuma. Wateja wake walikuwa wamepungua sana siku hizo, watu wananunua nguo zilizokwisha kushonwa, na nyumba ilikuwa inasimama kwa mikate. Mkewe hakuwahi kumtupia neno, si kwa utani wala kwa hasira. Fundi alitamani, walau mara moja, mkewe aamke akute kazi yake imefanywa na mtu anayempenda.

Akaifanya, tena kwa moyo wote. Sabuni, mswaki, kitambaa, kama alivyozoea kuona dirishani. Lakini alipomaliza, rimu zilikuwa safi tu, hazikung'aa. Kwa fundi cherehani, chuma kinachozunguka bila mafuta ni dhambi. Akaingia ndani, akatoka na kile kikopo chake chenye mdomo mrefu, akadondosha mafuta ya cherehani kwenye kipande cha mahameli, akazipaka rimu zote mbili, pande zote, kwa upole kama anayemkanda mtoto. Zikameremeta! Asubuhi mkewe alipoondoka na giza, akipiga chafya, fundi alijifanya amelala. Alikuwa anatabasamu chini ya shuka.

Jua lilipotoka, jirani yao fundi baiskeli alikuja na suruali iliyochanika makalioni.

"Leo shemeji yako anaendesha kioo," fundi cherehani alijigamba. "Rimu nimezisugua mwenyewe, nikamalizia na mafuta ya mashine. Ukiziona utajitazama!"

Fundi baiskeli alicheka, akijua ni utani. Kisha akaona mwenzake hatanii.

"Umepaka mafuta wapi?"

"Kwenye rimu. Huku na huku."

"Kaka, una wazimu? Breki hubana wapi?"

Fundi cherehani alikigeukia kikopo chake cha mafuta.

"Hubana hapo hapo ulipopaka! Shemeji hana breki! Na mteremko ule, na mikate nyuma!"

Suruali ilibaki sakafuni. Fundi alitoka mbio na futi kamba yake shingoni, kandambili moja ikamtoka kwenye mtaro, asigeuke. Mtu mzima, tumbo mbele, anakimbia barabarani huku anasema peke yake, "Mimi! Mimi ndiye nimemuua!" Watu walimpisha. Alipofika juu ya mteremko alitazama chini. Kule chini, kwenye lango la hospitali, watu walikuwa wamesongamana. Kreti za mikate zilikuwa kando ya njia, hakuna aliyezishika.

Alishukaje, mwenyewe hakujua. Alijipenyeza katikati ya watu akilia waziwazi, wala hakuona aibu.

"Mzee, taratibu, utamkanyaga mama!" mlinzi wa lango alimkemea.

Mama Kengele alikuwa amechuchumaa kwenye bomba, mikono ya gauni ameikunja, baiskeli iko miguu juu mbele yake, anazisugua rimu kwa kitambaa na sabuni. Mzima! Kiatu kimoja kilikuwa kimebanduka soli, na viganja vimechubuka. Mlinzi alikuwa anawasimulia watu kwa mara ya pili, kila anayefika anaanziwa upya.

"Kasimama kule juu, kabana breki, kasikiliza. Kimya! Basi hakupanda. Kashuka nayo kwa miguu, mzigo wote ule unamsukuma, naye anaurudisha nyuma kwa kisigino, mpaka hapa. Mkate hata mmoja haukuanguka. Na ana homa! Huyu si mtu wa kawaida."

"Rimu zimeshika mafuta," muuguzi mmoja alisema. "Mafuta haya yametoka wapi, mama?"

Mama Kengele aliinua kitambaa karibu na pua, mafua na yote, akanusa. Harufu ile amelala nayo miaka yote ya ndoa yake. Akainua macho, akamwona mumewe na futi kamba shingoni, mguu mmoja peku, uso umelowa.

"Barabarani," alisema. "Barabara za siku hizi zina mafuta mengi. Fundi, umekuja? Nishikie gurudumu hapa."

Akalishika. Mkewe akaendelea kusugua.

Njia nzima ya kurudi fundi alingoja makelele. Alistahili makelele, na aliyajua yatakavyokuwa, maana yeye mwenyewe ndiye aliyewahi kuyapiga. Mkewe alipiga chafya tu. Alasiri, uani, aligeuza tena baiskeli miguu juu. Sabuni ya hospitali haikuwa imemaliza kazi, alisema, mafuta ni mabishi. Alichomoa mipira ya breki, akaikwangua kwa msasa mpaka ule uso unaoteleza ukaisha.

"Mbona hunigombezi?" Fundi alishindwa kuvumilia. "Mimi kwa mkasi tu niliita mtaa mzima. Na mkasi hauui mtu. Nigombeze, bibie, nipone."

Mkewe alipuliza vumbi la msasa.

"Siku ile uliponipigia kelele, unajua nilijifunza nini? Kuuogopa mkasi wako. Basi. Mpaka leo siujui, nauogopa tu. Hii baiskeli sitaki uiogope. Nataka uijue." Akamsogezea kigoda. "Kaa. Rimu haitaki kung'aa. Inataka kuwa kavu. Pitisha kidole hapa. Kinateleza?"

"Kinateleza."

"Basi bado. Lete kitambaa kisichowahi kuona mafuta."

Fundi aliinuka akaingia ndani. Kwenye chumba cha kushonea vitambaa vilikuwa tele, lakini alisimama kitambo mbele ya msumari ule. Aliporudi uani alikuwa na kipande kizima cha pamba nyeupe mkono mmoja, na mkasi mkubwa mkono wa pili. Akamnyoshea mkewe, mpini mbele.

"Kata wewe."

Mama Kengele aliutazama. Mwanamke aliyeuzuia mteremko kwa kisigino alipangusa viganja kwenye gauni mara mbili kabla ya kuupokea.

"Nikiuharibu?"

"Nitaunoa. Kidole gumba kiingie hapa. Usiinue, uache utembee."

Akakata. Mkasi ulipita kwenye pamba kwa sauti ndogo tamu, na yeye akacheka peke yake kama msichana. Alikata kombo, kombo baya, la kumtia fundi yeyote homa. Fundi alilitazama lile kombo, akameza mate.

"Safi kabisa," alisema, akakipokea kitambaa, akainamia gurudumu.