Siku Midomo ya Mwalimu Mkuu Ilipokufa Ganzi

Dada yangu huwapitishia watu barafu usoni kabla ya kuwatoa vinyweleo kwa uzi, nami husuka nywele pembeni yake. Tuna chumba kimoja, feni moja na redio moja, lakini anayesikika zaidi ni dada.

Barafu yake ina masharti. Haigusi ngozi ikiwa tupu. Huifunga kwenye kitambaa laini cha pamba, akaizungusha taratibu bila kuituliza mahali pamoja, mpaka ngozi ikaze na kufa ganzi. Hapo uzi ukipita mteja hasikii sana, wala uso hauvimbi. Wengine hapa mtaani huruka hatua hiyo, na wateja wao hurudi nyumbani wekundu kama waliopigwa vibao.

Tatizo ni kwamba barafu ikipita juu ya mdomo, midomo nayo hulala. Mteja akitaka kusema "subiri", hutoka kitu kisicho na jina. Na hapo ndipo dada humpa vidonge vyake. Aliyemsengenya, aliyemnyima salamu, aliyeanika mashuka kwenye kamba yake, wote wamesemwa wakiwa kimya kwenye kiti kile. Nimemwambia mara nyingi kwamba huo si uungwana. Hunijibu kwamba yeye anatoa huduma kamili.

Aliyekuwa akimtafuta hasa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama mmoja mkali. Binti wa dada na mtoto wa kiume wa mwalimu walikuwa wanapendana, na mwalimu alikataa katakata waoane. Sababu hakutoa. Ukimpigia simu anakuuliza kama umemaliza, halafu anakata. Mpwa wangu alikuwa amekonda na ameanza kuzungumzia kuhamia mbali. Dada ni mjane na mtoto ni huyo huyo mmoja, kwa hiyo roho yake ilikuwa juu juu.

Basi mchana mmoja mlango ukafunguka, akaingia mwalimu mkuu mwenyewe, kajifunga mtandio mpaka puani. Kesho yake alikuwa anaagwa kazini kwa kustaafu, picha zitapigwa, na kila aliyemgusa kwa uzi hapa mjini alimwacha amevimba. Akateremsha mtandio. Jamani, kidevu kilikuwa na ndevu ambazo mwanawe mwenyewe hajawahi kuzipata.

"Sikuja kuzungumza," alisema akiketi.

"Hutazungumza, mwalimu," dada akamjibu kwa adabu zote, akafungua friza.

Nilijua kinachokuja, nikapunguza redio.

Dada akazungusha kitambaa kidevuni, akapanda juu ya mdomo, kwa uangalifu ule ule anaompa kila mtu. Kisha akaanza. Mtoto wetu ana heshima, ana kazi, hajawahi kuletewa mashtaka na mtu. "Sasa kasoro ni nini? Sura? Au ni mimi, kwa sababu nafagia nyusi za watu?"

"Mmbwo," mwalimu alisema.

"Nakusikiliza," dada akasema, huku akivuta uzi.

Mteja niliyekuwa namsuka alicheka mpaka mistari ya kichwa chake ikaenda upande. Mimi sikucheka. Mwalimu yule ndiye aliyenifundisha kusoma, na niliona aibu.

Kazi ilipokwisha kidevu kilikuwa kimetakata, bila hata alama. Mwalimu alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akiminyaminya midomo mpaka ikazinduka. Akainuka. Nilidhani anaondoka.

"Kaa," alimwambia dada.

"Mimi?"

"Nani mwingine amesimama mbele yangu? Kaa."

Nusu ya mji huu imewahi kukaa kwa sauti ile. Dada akakaa. Mwalimu akafunga barafu nyingine kwenye kitambaa kikavu, akaizungusha juu ya mdomo wa dada taratibu, jinsi alivyofanyiwa, bila kuruka hatua. Dada alipojaribu kuhoji, ikatoka "mmbwo".

"Vizuri. Binti yako hana kasoro. Nimemchunguza, nimetafuta, sikupata, nikakasirika zaidi. Mwanangu ndiye mtu pekee ninayegombana naye nyumbani. Nikirudi kutoka shuleni nakuta kaacha viatu katikati ya mlango, nafoka, moyo unatulia. Kuanzia kesho kutwa sina shule. Na yeye akiondoka, nimfokee nani? Sufuria?"

Nikazima redio kabisa.

"Na wewe unayejua kusema, umeshaifikiria jioni yako ya kwanza bila huyo binti?"

Dada alitazama dari, machozi yakamtoka, yakachanganyika na maji ya barafu. Mwalimu akamfuta kwa ncha ya mtandio, amekunja uso kama anayesahihisha daftari chafu.

"Hujafikiria," alisema. "Haya, waache waoane. Jioni nitakuwa nakuja kwako, tugombane."

Dada akakubali kwa kichwa.