Mkata Matuta na Bwawa la Ester

Mume wangu Severini hafundishwi kitu kinachohusu ardhi. Kazaliwa Matombo, kakata matuta ya ngazi kwenye miteremko ya Uluguru miaka arobaini, na hata baada ya kuhamia hapa Bigwa bado analala na jembe lake chumbani. Nimemvumilia.

Mwaka huu mjukuu wetu Ester, wa miaka saba, aligongwa na pikipiki akavunjika nyonga. Mfupa ukaunga, lakini mguu ukagoma. Akawa hatembei bila kushika ukuta. Mtaalamu wa mazoezi akasema atembezwe ndani ya maji ya kiunoni, maana humo mwili unakuwa mwepesi. Mtoni ni mawe matupu. Mama yake, Happiness, akatuma kutoka Dar bwawa la plastiki, lile la kujaza upepo. Taabu ni kwamba ua wetu unateremka kutoka jikoni hadi barabarani, na bwawa hilo linataka mahali tambarare.

Jirani yetu Sufiani, fundi mwashi, akaja na pimamaji yake.

"Shikamoo mzee. Tuweke hii tuone palivyoinama."

"Marahaba. Mimi ardhi naipima kwa miguu."

Sufiani akaondoka nayo. Nilitamani kumtandika mume wangu mwiko.

Alichimba siku tatu kusawazisha mahali pa bwawa, na kazi ilikuwa safi, simnyimi sifa. Tukajaza maji ya kisima, ndoo kwa ndoo, asubuhi mpaka alasiri. Yalipokaribia kutosha, bwawa likaegemea upande wa nyumba, ukingo ukalala, maji yote yakaingia jikoni kwangu. Ester akalia. "Basi sitatembea tena," akasema. Neno lile lilinikata maini.

Nikaenda kupaangalia pale chini, nikajua kosa. Tuta la kwetu milimani huinamishwa kidogo kwa ndani, kuelekea mlima, ili mvua isizoe udongo. Severini alikuwa amemchimbia mtoto shamba la maharage. Nilimwambia hivyo hivyo.

Alivaa kofia, akaenda mwenyewe kwa Sufiani, kijana wa rika la wanawe, akaomba afundishwe. Wakakwangua upande wa barabarani uliozidi kimo. Upande wa jikoni hawakuufukia, kwa sababu udongo wa kujazia hudidimia ukibebeshwa maji. Wakashindilia, wakatandaza mchanga. Mzee wangu alilala kifudifudi kutazama kipovu cha pimamaji, akikwangua kidogo, akitazama tena, mpaka kikatulia katikati kila upande.

Jumamosi tukajaza upya. Bwawa likasimama. Ester akaingia, maji yakamfika kiunoni. Severini akakunja suruali, akaingia naye, akasimama ng'ambo na mikono ameinyoosha. Mtoto akaachia ukingo. Hatua moja, ya pili, mpaka ya sita, bila kushika kitu.

Alipomfikia, mume wangu alilia waziwazi mbele ya Sufiani, wala hakuficha uso.

"Babu, nenda ule upande mwingine," Ester akamwambia. "Nije tena."