Hesabu ya Kivuti ya Laini Mbili

Kivuti ni fundi wa kompyuta kwenye kliniki yetu hapa Siakago. Mimi, Njiru, naendesha ambulansi. Kivuti ni kijana mpole, shati limepigwa pasi hata siku za vumbi. Lakini ukimsalimia tu, woi, anakupa habari za mtandao mpaka uchoke.

Shida yetu ilikuwa picha za ultrasound za wajawazito, zinazoonyesha hata moyo wa mtoto ukipiga. Daktari Gikunda, anayezisoma, yuko hospitalini Meru, na kwa laini moja ya simu zilijikokota kutwa. Kivuti akabuni mpango: picha ikatwe vipande, vingine vipite mtandao huu, vingine ule, vikutane Meru. Njia moja ikijaa, nyingine inabeba. Kompyuta ikamwonyesha kwamba picha itafika kabla chai haijapoa. Akaijaribu Jumapili baada ya Jumapili, maana ndiyo siku aliyokuwa na nafasi, na kweli ikafika. Tukampigia makofi.

Jumapili, jamani! Siakago nzima iko kanisani, simu zimezimwa.

Siku ya soko la muguka, yale majani ya kutafuna, Tabby, mkewe Kivuti, aliletwa akivuja damu. Mimba ya kwanza, baada ya miaka ya kuombewa. Nikawasha injini. Nesi Teresia akampiga picha, akasema kama kondo la nyuma halijaachia, barabara ile ya mashimo ya kwenda Meru itamwumiza bure. Daktari aone kwanza.

"Mzee Njiru, zima tu," Kivuti akaniambia. "Picha inafika sasa hivi."

"Kijana, twende!"

"Niamini, mzee wangu. Nimepiga hesabu."

Nikazima. Huko nje soko limechacha, watu wanapigiana simu, wanatumiana pesa na picha za mizigo. Na ni nani hapa ana laini moja? Mtandao huu ukigoma, wote wanahamia ule, kwa mpigo mmoja. Hata Kivuti mwenyewe ana laini mbili mfukoni na anahama vivyo hivyo. Lakini kwenye hesabu yake aliweka njia mbili zisizojuana. Sisi watu hakutuweka.

Vipande vikakwama kotekote. Kivuti macho kwenye kioo cha kompyuta: inasonga, inasonga. Tabby akaacha kulia, akawa anahema tu. Nikawasha gari bila kumwuliza mtu. Tukiwa tunampakia, Teresia akamwekea kifaa cha kusikiliza tumboni. Akakisogeza huku, akakisogeza kule. Mwishowe akakivua masikioni, akatikisa kichwa. Mtoto alikuwa ameshaenda.

Hapo ndipo simu ya Kivuti ilipolia. Sote tulimsikia Daktari Gikunda.

"Picha imefika yote, safi kabisa! Kondo linaachia, lakini moyo wa mtoto unapiga vizuri. Mleteni mbio, tutamwahi."

"Asante, daktari," Kivuti akasema.