Jaribio Lililomkataa Shangazi

Tovuti ya akina mama wanaouza mazao hapa Busia niliitengeneza mimi. Matapeli walipoijaza matangazo ya uongo kwa kutumia programu za kompyuta zinazojiendesha, niliweka jaribio la kuthibitisha kuwa anayeingia ni mtu: kila muuzaji achague kwanza picha zenye taa za kuongozea magari.

Kesho yake shangazi yangu, muuza mihogo wa Dabani, alinipa simu yake. "Mwanangu, inakataa kwamba mimi ni mtu."

Macho yake hayakuziona vizuri picha zile ndogo. Sikuwa tayari kuwarudisha matapeli, wala kumfungia yeye nje. Nilihangaika naye mpaka tukafaulu: tovuti ilimpigia simu, ikamtajia namba kwa Kiswahili, naye akaibonyeza.

Matangazo ya uongo yakaisha, na mnunuzi wa Tororo akaagiza mihogo ya shangazi.