Taratibu na Kikao cha Chumba cha Pasi

Nilinyang'anywa meza yangu ya kupigia pasi baada ya miaka kumi na tisa, kwa vitambaa ambavyo sikuviunguza mimi. Aliyeninyang'anya hakutumia nguvu wala hongo. Alitumia mdomo.

Tulimwita Taratibu, kwa sababu hata salamu aliitoa kama anayeipima kwanza. Kabla ya kuja kwetu, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, aliuza dawa ya kunguni kando ya barabara. Siri ya biashara ile alinieleza mwenyewe, siku tulizokuwa tukielewana.

"Dada, ukianza kwa kusifu dawa, watu wanapita zao. Anza kwa kusema wewe uliliwa na kunguni mpaka mke akahama kitanda. Wakicheka tu, washakuwa wako."

Mjinga mimi, nilicheka.

Siku moja vitambaa kumi na viwili vya meza vilikutwa vimeungua kwenye rundo langu. Lakini pasi ya Taratibu ilikuwa imemeguka ncha, na popote ilipounguza iliacha pengo dogo mbele. Yangu ilikuwa nzima. Nikakunja kitambaa kimoja, nikakitia mkobani, nikangoja kikao cha asubuhi. Maneno sina, nilitegemea macho ya watu.

Msimamizi alisema mwenye kosa atahamishiwa kwenye nguo chafu, na wenzake ndio watakaosema ni nani. Taratibu akaomba aanze yeye.

"Mimi niliwahi kuunguza shuka la bibi harusi," alisema. "Nikalificha chini ya godoro, nikalilalia wiki nzima."

Watu wakacheka. Mimi nikaanza kuhesabu hatua zake za kuuza dawa.

"Nani hapa hajawahi kuunguza?" Watu wakatazamana, wakitabasamu. "Basi tusimsimange mwenzetu. Dada yetu amechoka tu."

Hakunishtaki. Alinisamehe, na ukishasamehewa mbele za watu, kosa limekuwa lako. Kisha akashusha sauti mpaka wakainama kumsikiliza.

"Atawaonyesha kitambaa. Msimcheke. Mtu akiwa na hofu hulala na ushahidi kwapani."

Bila shaka aliniona nikikikunja. Zamu yangu ilipofika, mkono ulikuwa tayari mkobani. Nilipokitoa, chumba kizima kiliguna. Wengine waliangalia sakafu, wakinionea haya.

"Tazameni pengo," nikasema.

Hakuna aliyetazama. Mikono kumi na mmoja ikainuka dhidi yangu, na mmoja ulikuwa wa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye kazi ile nilimtafutia mimi.

Tulirudi nyumbani pamoja, maana tunakaa nyumba moja.

"Wifi, pasi yake si unaijua? Umewahi kuitumia."

"Naijua."

"Sasa?"

"Alivyosema, wifi, ikawa kama ukikataa, wewe ndiye mwenye roho mbaya. Alisema vizuri."

"Na mimi nilisema vibaya?"

"Wewe ulisema kweli tu."

Sasa nachambua mashuka yaliyotapikiwa na taulo za watu nisiowajua. Taratibu yuko kwenye meza yangu, karibu na dirisha. Hunipa pole ya kazi kila akiniona, ila nimechunguza: tukiwa wawili tu, hanioni. Siku hizi mtu akianza mazungumzo kwa kujitangazia aibu zake, najiuliza anauza nini. Msimamizi juzi alitusimulia alivyofeli shule, tukacheka. Kesho yake akaongeza saa za kazi.

Namdai Taratibu aseme mbele ya watu walewale kwamba aliyeunguza ni yeye, na asitangulize kichekesho. Na wifi namdai aseme mbele yao yale aliyoniambia njiani. Yeye namwona kila siku, tunachota maji kwenye ndoo moja, na bado hajasema.